Nilikata Ngitili ya Baba Ili Serikali Ione Ninavyolinda Miti

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usipoteze muda kumtafuta mwingine, maana mimi mwenyewe nimemtafuta sana. Nimemlaumu dereva wa lori. Nimewalaumu majirani. Kuna wiki nzima nililaumu jua. Wote hao nikiwasimamisha mbele yangu na kuwahoji kama askari wa kituoni, wanatoka wasafi. Nabaki mimi.

Naishi Mwakitolyo, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Jina langu siandiki. Wanaonijua watanitambua kwa aibu hii, na wasionijua waniite Mama Milembe, ingawa binti yangu haitwi hivyo. Kazi yangu ni kuuza matimba.

Kwa asiyejua, matimba ni magogo yanayopangwa ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji, ili kuta zisiwaangukie. Hakuna anayeshuka kwenye duara lisilo na matimba, labda awe amechoka kuishi. Kwa hiyo miti inakatwa kila siku, na kila mwaka tunaifuata mbali zaidi. Nilipoanza biashara hii, lori lilikuwa likiondoka asubuhi linarudi kabla sijamaliza kufua. Siku hizi dereva anaaga familia.

Siku moja nilikuwa kwenye kiwanda cha mbao upande wa Geita, nikaona wanachoma mabanzi. Yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa, wameyarundika kama kichuguu, wanayatia moto ili wapate nafasi. Nikasimama pale nikiutazama ule moto kama mtu anayetazama mshahara wake ukiungua. Nikajiuliza: mabanzi matatu yakishikanishwa kwa gundi na boliti, si yanakuwa gogo?

Nikamtafuta seremala. Tukaharibu mabanzi mengi, tukagombana, tukapatana, mwisho tukapata fremu. Unaishusha kwenye duara vipande vipande, unaikaza huko chini kama mtu anayefunga kitanda. Duara likiisha dhahabu, unaifungua na kuihamishia kwingine. Hilo la mwisho ndilo liliwafurahisha wachimbaji, kwa sababu gogo la kawaida likishaingia shimoni halitoki.

Mtu wa kwanza kuniamini alikuwa Athumani, mwenye duara, mtu wa Kigoma aliyekuja kwetu kutafuta utajiri na hadi leo bado anautafuta. Aliweka fremu zangu kabla ya masika. Mvua zikanyesha, kuta zikavimba, fremu zikakaa. Athumani akawa anawaleta wenzake kuzitazama, anawaambia kitanda cha Mama Milembe hakina kunguni.

Nasema haya ili ujue kwamba wazo lilikuwa zuri. Sijisifu. Kujisifu kunakuja mbele kidogo, na ndiko kulikoniponza.

Redioni nikasikia kwamba serikali inatoa ruzuku kwa wabunifu wa mazao ya misitu. Watu wanaotengeneza vitu kutokana na mbao, magome, masalia, ili miti ya asili ipumue. Nikasema hiyo ni mimi. Nikatafuta kijana wa chuo anisaidie lugha ya maombi, maana maombi yana lugha yake, huwezi kuandika tu kwamba miti imeisha.

Walitaka picha ya eneo ambalo ubunifu wangu utalihifadhi. Nikaenda nyumbani kwetu kijijini, nikapiga picha ngitili ya baba.

Msukuma hahitaji kuelezwa ngitili, lakini wewe mgeni nisikilize. Ni eneo mnalolifunga mvua zikianza. Ng'ombe hawaingii. Nyasi zinakua mpaka zinamfika mtu kifuani, na miti inasimama humo, kwetu ni migunga mingi. Kiangazi kikikaza, kote kumekuwa vumbi, ndipo mnafungua na ng'ombe wenu wanaishi. Baba aliifunga ngitili ile kabla sijazaliwa. Alipofariki aliiacha mikononi mwa kaka yangu mkubwa, Maduhu, kwa ajili yetu sote. Kuna mwaka jua lilikuwa kali, ng'ombe wa watu walikuwa wanaanguka njiani wakienda kunywa maji, na wa Kaka Maduhu walikuwa wamesimama wanacheua.

Kaka anaishi kwa ng'ombe. Hana duka, hana duara, hana ubunifu. Ana ng'ombe, ana ngitili, na ana mama yetu, anayekaa naye.

Aliponiona napiga picha alinifuata kwa nyuma akauliza serikali inataka nini na nyasi zake. Nikamweleza kwamba wanatoa fedha kwa mtu anayesaidia miti isikatwe. Akacheka mpaka akashika mti.

"Basi nidai na mimi," akasema. "Tangu baba afariki sijakata hata mmoja."

Chini ya picha ile nikaandika: msitu wa familia utakaolindwa na ubunifu huu. Soma tena sentensi hiyo. Mimi huwa naisoma nikitaka kujiumiza.

Ruzuku ikaja. Awamu ya kwanza, na ya pili ingefuata baada ya wakaguzi kuja kuona duara zima limejengwa kwa fremu zangu kuanzia juu hadi chini.

Jamani, fedha ya serikali ina ulevi wake! Mtu mwenye akili angekwenda Geita siku ileile kununua mabanzi ajaze karakana. Mimi nilianza na bango. Nilitaka bango linaloonekana kutoka barabarani, na likaonekana kweli, kwa sababu lilikuwa kubwa kuliko karakana yenyewe. Nikaandikisha hapo "Mkurugenzi Mtendaji", halafu wafanyakazi niliokuwa nikiwaongoza walikuwa seremala na mkewe aliyekuwa anatupikia. Nikashona sare. Nikanunua sofa ya ofisini, na ofisi ikawa haina nafasi ya kuingia mtu mwingine akishakaa mmoja.

Nilibadilika hata namna ya kuongea. Mtu akiniuliza bei ya timba nilikuwa namwambia kwanza tuongelee suluhisho. Nikienda kijijini, mama ananituma maji, namjibu kwamba nina kikao. Na mama yangu, mwanamke aliyenibeba mgongoni, anajibu, "Haya mkurugenzi, na ndoo ina kikao na wewe."

Kisha nikaalikwa kuzungumza redioni. Hapo ndipo nilipojichimbia duara bila matimba. Nilieleza kila kitu. Nilieleza mabanzi yanapatikana wapi, kwamba wenye viwanda wanayachoma, kwamba yana thamani ambayo Watanzania hawajaifumbulia macho. Nilisema kwa sauti nzuri, nikatulia mahali pa kutulia. Nilipotoka studio nilikuwa nimejipenda kweli.

Watanzania wakafumbua macho. Wachoma matofali, waokaji mikate, mafundi wa vitanda, kila mtu akakimbilia mabanzi. Nilipopata taarifa kwamba wakaguzi wanakuja, nikaenda kwenye kiwanda kilekile nilichosimama nikitazama moto. Hakukuwa na hata kipande. Mwenye kiwanda aliniambia kwa heshima nisubiri zamu yangu, kuna watu wamelipia kabla. Akaongeza kwamba kuna mama mmoja alizungumza redioni, tangu siku hiyo hawapumui.

Sikumwambia ni mama gani.

Nilirudi Mwakitolyo nikiwa na fremu chache za zamani na ahadi ya duara zima. Ningeweza kupiga simu kwenye mfuko wa ruzuku na kusema ukweli: mabanzi yamekosekana, naomba muda. Naamini wangenipa. Lakini Mkurugenzi Mtendaji anaombaje muda, na bango lake linaonekana kutoka barabarani?

Nikafikiria magogo. Ukipasua gogo bichi kwa msumeno wa injini ukapata vipande vyembamba, ukavishikanisha kwa boliti na kuvipaka rangi, nani atajua si mabanzi? Magogo ya kununua yalikuwa mbali na vibali vyake vinachukua muda. Ya karibu, mazuri, yaliyonyooka, niliyajua yalipo. Nilikuwa nimeyapiga picha.

Kaka Maduhu alikuwa amekwenda Songwa, ukweni kwake, kwenye msiba. Sitasema kwamba ilitokea tu. Nilisubiri aondoke.

Nikamwendea mama. Nikamwambia natoa miti michache iliyozeeka, ni shughuli ya serikali. Mama alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta, kisha akasema nimsubiri kaka yangu. Nikamjibu serikali haisubiri. Akamwaga makapi, ndipo akasema:

"Kama ni lazima, ingieni kwa miguu, mbebe mabegani. Mwanangu, uzio usiuguse."

Nilijua kwa nini amesema hivyo, na hili ndilo ungamo lenyewe, yale mengine ni maelezo.

Kwetu, ngitili haitangazwi kufunguliwa. Hakuna mkutano, hakuna mbiu. Mwenyewe anakwenda mchana kweupe, anaondoa miiba ya uzio upande wa njia, anaacha upenyo. Upenyo ndio tangazo. Ng'ombe wake wanatangulia, na baada ya hapo majirani ambao nyasi zimewaishia wanaruhusiwa kuingiza wao, kama vile na wao walivyoturuhusu kwao mwaka mwingine. Ukishafungua kwa mkono wako huwezi kuwafukuza watu. Anayefungua halafu akafunga tena anahesabika mchoyo, na mchoyo wa nyasi hazikwi na watu wengi. Nikiwa mtoto nilikuwa natumwa kwenda kuchungulia kama fulani ameshafungua. Nilijua vizuri kuliko ninavyojua sala.

Lakini vijana wenye msumeno walikwenda wakatazama umbali, wakasema kubeba magogo mabichi kwa mabega mpaka barabarani haiwezekani. Dereva akaniuliza lori lipite wapi.

Nikaonyesha kwa kidole. Pale upande wa njia.

Nikashika miiba ya kwanza mimi mwenyewe, kuwaonyesha namna ya kuiondoa isiwachome. Nilikuwa nimevaa sare ya kampuni.

Nilijipa moyo kwamba jioni tutairudisha, na kweli tuliirudisha. Lakini magurudumu ya lori hayarudishwi. Na watu walikuwa wameona. Kiangazi kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza, hakuna aliyetarajia sisi kufungua mapema vile, na kila mwenye ng'ombe alilala akishukuru.

Asubuhi yake akaja jirani yetu, mzee mmoja mwema tunayemwita Babu Shija, na mifugo yake nyuma. Mama alinisimulia baadaye. Babu Shija alisalimia, akashukuru, akasema hakutegemea, kwake nyasi zilikuwa zimeungua moto. Mama akajaribu kumweleza kwamba halikuwa kusudi la kufungua. Mzee wa watu akashangaa. Akasema binti yenu ameshika miiba kwa mkono wake mchana, tumemwona sote, sasa mayu, yaani mama, ni nini tena? Mama angesema nini? Kwamba binti yake hajui mila, wakati ni yeye aliyemfundisha?

Wakaingia. Wakafuata wengine. Hawakuiba chochote. Walikuwa na haki yao, nami ndiye niliyewapa.

Mimi wakati huo nilikuwa Mwakitolyo, napaka rangi. Kijani. Seremala aliniuliza mbona tunapaka rangi vitu vinavyokwenda kukaa gizani. Nikamwambia ni chapa ya kampuni.

Siku ya wakaguzi, duara la Athumani lilikuwa limependeza kama duka la simu. Athumani mwenyewe alishuka kwanza kuhakikisha. Alipopanda juu alinivuta pembeni akaniambia taratibu, "Mama Milembe, haya mabanzi yako yananuka mti uliokatwa juzi." Nikamwambia ni gundi mpya. Akanitazama, akasema gundi hiyo ina utomvu, kisha akaenda kukaa mbali na mimi siku nzima.

Wakaguzi walikuwa wawili, na aliyeongoza alikuwa dada mmoja mpole wa makamo, anayesikiliza huku ameinamisha kichwa. Alishuka kwenye duara kwa miguu yake, jambo ambalo sikulitegemea. Akagonga fremu, akatikisa, akapanda na vumbi usoni akisema ni kazi nzuri sana. Nikamshukuru kwa niaba ya menejimenti.

Akafungua faili lake, akatoa picha.

"Sasa twende tukaone na huu msitu," akasema. "Nimeupenda tangu siku ya kwanza."

Mungu wangu! Nikaanza kutoa sababu. Nikasema barabara ni mbovu. Akasema gari lao liko juu. Nikasema kuna nyuki; akasema nyuki ni dalili nzuri ya msitu. Nikasema kuna matambiko ya ukoo wiki hii. Akaniambia watatazama kutoka mbali kwa heshima. Mtu mwongo akikutana na mtu mpole hana pa kutokea. Nikapanda gari.

Njia nzima alikuwa ananiuliza habari za baba yangu, jinsi alivyoanza kuifunga ngitili, na mimi nikawa namsimulia. Nilisimulia vizuri. Nusura nilie kwa uzuri wa hadithi, na huku tunakwenda kwenye visiki.

Tulipofika, ngitili ilikuwa imejaa ng'ombe kama mnada. Nyasi zimeliwa mpaka ardhini. Migunga ile iliyonyooka imebaki visiki vyeupe, bado vinatoa maji. Upenyo umekuwa mpana, mtu anaweza kupitisha harusi. Babu Shija alikuwa kivulini na wenzake wawili, wakatusalimia.

Na pale kwenye upenyo alikuwa amesimama Kaka Maduhu. Alikuwa ndiyo anarudi kutoka msibani. Begi lilikuwa bado begani.

Nilimwamkia. Hakuitikia. Hakuwa amenikasirikia bado, nadhani alikuwa hajanisikia.

Dada wa ukaguzi alitazama picha, akatazama mbele, akatazama tena picha. Akaniuliza kwa upole wake uleule, "Ni hapa?"

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kujibu kweli. Nataka ulielewe hilo. Hakuna aliyenisukuma. Nilimwona kaka yangu, nikamwona babu wa watu, nikaviona visiki. Nikafungua mdomo.

"Hapana," nikasema. "Hii siyo yetu. Hii ni ya jirani. Yetu iko mbele huko, gari haliwezi kufika."

Babu Shija aligeuza uso kama mtu aliyeona kitu cha uchi.

Dada yule akamgeukia kaka, akamwuliza kama yeye ndiye mwenye eneo. Kaka Maduhu alinitazama. Maisha yangu yote nimetazamwa na kaka huyu: nikianguka, nikifeli, nikiolewa, nikiachika. Hakuwahi kunitazama hivyo. Angesema neno moja ningeondoka pale nikiwa nimefungwa pingu. Alisema:

"Amesema ni ya jirani. Basi ni ya jirani."

Akachukua begi lake akaenda nyumbani kwa mama.

Unajua kilichofuata? Dada wa ukaguzi alisikitika sana kuona ngitili imeharibiwa vile. Akatoa simu, akavipiga picha visiki, akaniambia picha hizi zitasaidia ripoti, zitaonyesha hali inavyokuwa mahali ambapo ubunifu wangu haujafika. Awamu ya pili ikapitishwa. Nilipongezwa kwa kuharibu ngitili ya baba yangu, na nikapewa fedha ili nisaidie zisiharibiwe nyingine.

Usicheke peke yako. Mimi pia huwa nacheka, halafu inageuka.

Kiangazi kilipofika katikati, hapakuwa na nyasi kwetu wala kwa majirani. Nilikodi gari nikapakia mashudu ya pamba, nikayapeleka kwa kaka. Alinipokea kama mgeni, akaniletea kiti. Akasema ng'ombe wake hawajaandika mradi. Gari likarudi na mashudu yake.

Maksai wake wawili, wale wa kulimia, wakafa. Yeye akawaswaga waliobaki akaelekea Urambo, kufuata malisho, kama walivyoondoka Wasukuma wengi kabla yake ambao baba alikuwa akituambia sisi hatutawafuata kwa sababu tuna ngitili. Mke na watoto wakamfuata baadaye. Mama alikataa kuhama. Nyumba ile kubwa anaishi yeye na kuku. Nikimwomba aje kwangu Mwakitolyo anauliza atakaa wapi, kwenye sofa?

Kaka anampigia simu mama mara kwa mara. Mimi hanipigii. Siku moja nilikuwapo, simu iko kwenye sauti kubwa kwa sababu mama hasikii vizuri. Alipomaliza kuuliza habari za afya, mama akamwambia niko hapo karibu. Kaka akasema, "Haya, msalimie jirani."

Hakusema kwa ukali. Ndivyo ananiita sasa.

Sofa nimeuza. Bango nimelishusha, seremala ametengenezea banda la mbuzi. Na nimewapigia wale wa mfuko, nikamweleza yule dada mpole yote, kuanzia msumeno mpaka kidole changu. Aliniambia niandike maelezo kwa maandishi, watajua la kufanya, na kwamba nisiziguse fedha zilizobaki. Nikaanza kuandika. Nikaandika, nikaandika, mwisho nikaona haya siyo tu maelezo ya ofisini, nikawaletea na ninyi. Wakinishtaki, sawa. Hilo ndilo jepesi kuliko yote.

Zito ni hili. Mvua zimeanza. Ngitili inatakiwa kufungwa sasa hivi, wiki hizi, ili nyasi zipate kuinuka na visiki vichipue. Ikichelewa hakuna ngitili mwaka huu, na asipokuwa na ngitili Kaka Maduhu hana sababu ya kurudi. Nikaamka asubuhi, nikakata miiba, nikaibeba mwenyewe mpaka kwenye upenyo. Nikaanza kuipanga.

Babu Shija alikuwa anapita na ndama wake. Alisimama. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniulizia afya ya mama. Kisha akaniuliza, na naapa hakukuwa na kejeli ndani yake, alitaka tu kujua kwa sababu mila inataka mtu ajue:

"Mama Milembe, unamfungia nani?"

Uzio hufungwa na mwenyewe. Na mimi, mbele ya mzee huyuhuyu, nilisema siyo yetu. Nilisimama na miiba mkononi mpaka ndama wakanipita, wakaingia.

Niliweka miiba chini.

Mama alimpigia kaka akamwomba aje afunge, hata kwa siku moja. Akajibu kwamba kama ni ya jirani, jirani atafunga.

Basi wewe unayejaza maombi ya fedha za ubunifu, na wako wengi, nakuombea upate. Fedha zipo na kazi ipo, na miti kweli imeisha. Lakini ukikwama, sema umekwama. Simu moja tu ya aibu ndogo. Na kama una kitu ambacho wazazi wako walikilinda mpaka kikakufikia, usikipige picha kuwapendeza wageni kama hujajua utasema nini wageni hao wakikiuliza mbele ya ndugu yako.

Ninapoandika haya mvua inanyesha, na upenyo uko wazi.